Kikombe Kwenye Benchi

Kila jioni, akishamenya ndizi na kuzipanga kwenye sufuria, bibi Atuganile alimgeukia mdogo wake na kumuuliza swali lile lile: "Haya, leo umegundua nini?"

Alianza kuliuliza kwa kejeli. Mzee Nsajigwa alikuwa amerudi Kawetele baada ya miaka thelathini na sita ya kutangatanga, ana mfuko mmoja wa turubai na visigino vilivyopasuka, na siku zile za kwanza alishangaa kila kitu kama mtu aliyeshushwa kwenye lori katika nchi asiyoijua. Kejeli ikawa mazoea. Mazoea nayo yakawa kitu ambacho wazee hawa wawili, wasio na mwingine wa kuongea naye, walikingojea tangu mchana. Ikafika hatua mzee anashuka mjini Tukuyu asubuhi si kwa sababu ana shughuli, bali kwenda kutafuta cha kumpelekea dada yake.

Na hakukosa. Aligundua kwamba maparachichi, ambayo wao utotoni waliwatupia nguruwe, siku hizi yanapangwa kwenye kreti moja moja kama mayai na kupakiwa kwenye lori lenye ubaridi. Aligundua kuwa simu aliyopewa na mtu mmoja wa Uvinza ina tochi ndani yake, naye alikuwa ametembea nayo mwaka mzima huku amebeba tochi nyingine mfukoni. Aligundua kwamba ukungu wa Tukuyu una harufu, harufu ya moshi wa kuni mbichi na majani ya chai, na kwamba huko kote alikopita alikuwa akiikosa harufu hiyo bila kujua ni kitu gani anachokikosa. Hili la mwisho hakumwambia dada yake hivyo. Alisema tu kwamba leo kulikuwa na ukungu.

"Ukungu!" Atuganile alicheka hadi akashika kiuno. "Tukuyu kuna ukungu! Nenda ukawaambie na redioni."

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo mzee alitaka kulipata kuliko hayo yote, nalo ni sura ya mwanawe.

Alimwacha Boazi ana miaka minne. Wiki ile ile aliyorudi, Atuganile alimtuma mzee wa kanisa kwenda Suma, anakoishi Boazi na mkewe na ng'ombe wao wa maziwa, kupeleka habari kwamba baba amefika. Mzee wa kanisa alirudi na jibu, akalitoa huku anaitazama kofia yake mikononi: "Anasema baba yake alishamlilia, kilio kikaisha. Anasema aliyekuja ni mgeni wenu, mpeni chakula." Walituma tena baada ya Pasaka. Jibu likawa hilo hilo, safari hii bila ya chakula.

Leah, mama yake Boazi, alikuwa amefariki miaka sita nyuma, kwa hiyo hakukuwa na mlango mwingine wa kupitia. Mzee angeweza kwenda Suma kwa miguu yake mwenyewe. Mtu aliyetembea nchi nzima, Suma ni nini? Lakini katika ile barabara ya Suma kulikuwa na mahali asipoweza kupita, na sababu yake hakuwahi kumwambia mtu. Basi akabaki anashuka mjini na kupanda, anashuka na kupanda.

Ndivyo alivyokipata kibanda cha maziwa.

Kilikuwa nyuma ya stendi, paa moja la bati lililogawanywa na watu wawili. Upande huu fundi Amri na cherehani yake. Upande ule mwanamke wa maziwa, ana jiko la mkaa, sufuria kubwa na benchi moja la wateja. Watu walimwita Mama Maziwa, wala hakuna aliyejisumbua kuuliza zaidi. Mzee aliingia pale siku ya mvua, akanywa kikombe kimoja cha maziwa ya moto yenye utando mnene juu, akajua kuwa miguu yake imepata pa kwenda. Tangu mwezi wa nne hakukosa hata siku moja ila Jumapili.

Kilichompendeza hakikuwa maziwa peke yake. Amri alikuwa msikilizaji. Alikuwa mtu wa Lindi, amekuja Tukuyu miaka miwili tu iliyopita kumfuata mkewe Najat, muuguzi, aliyehamishiwa huku, na bado alikuwa anavaa sweta mbili. Mtu wa namna hiyo, aliyeketi siku nzima na kitambaa mbele yake katika nchi isiyo yake, ukimpa habari za Chunya na Rukwa anazipokea kama chakula.

"Mzee wangu," humwambia, "jana tulikuacha Mpanda, umefungiwa ghalani na mahindi. Ulitokaje?"

Na mzee humpa. Alikuwa amechimba dhahabu Chunya, akavua samaki Rukwa, akalinda maghala Mpanda, akachemsha chumvi Uvinza, akafyeka barabara Tunduru. Hakuna mahali alipokaa mvua tatu. Akisimulia, cherehani hupunguza mwendo, na mwanamke wa maziwa, ambaye daima alikuwa amewapa mgongo akikoroga sufuria, huacha kukoroga.

Mwanamke huyu alikuwa na vituko vyake. Hakumsemesha mzee. Akitaka kumwambia neno, alimwambia Amri, ingawa mzee yuko hatua mbili tu: "Fundi, mwambie mzee maziwa yamechemka." "Fundi, muulize mzee, huko Rukwa alikuwa anapikiwa na nani?" Amri, mtu wa mzaha, alilifanya mchezo. Aligeuka na kurudia neno kwa neno, kwa sauti ya mpiga mnada, na mzee akajibu kwa Amri, na Amri akalirudisha. Walicheka wote. Hata yeye alicheka, mgongo ukitikisika ndani ya khanga. Na jioni akianza kuzima jiko, habari ikiwa haijaisha, alisema: "Fundi, mwambie mzee asimalize. Aache hapo hapo, kesho aendelee."

Jambo moja tu lilimwuma mzee. Wateja wengine, wazee kwa vijana, yule mama aliwapa kikombe mkononi. Yeye hapana. Yeye alisogezewa benchi, kikombe kikawekwa mwisho kabisa wa benchi, mwanamke akarudi kwenye jiko lake kinyumenyume, uso ameuelekeza ukutani. Na wiki ya tatu akatundika kitenge kati ya jiko na benchi. Mzee alijiambia ni moshi. Baadaye aliona kitenge hicho kinashushwa yeye tu anapofika.

Alijitazama. Koti lake lilikuwa na matundu ya cheche za moto wa Uvinza. Siku moja akaokota bahati kwenye mtumba: koti zito la rangi ya majivu, vifungo vyote vipo, mfuko wa ndani una kitambaa cha hariri. Hakuwa amepata kitu kizuri namna ile tangu ujana wake. Amri alilipunguza mabega, akalipiga pasi, akamzungusha mzee kama bwana harusi.

"Sasa hapo," Amri alisema, "hata mkuu wa wilaya akusubiri wewe."

Mzee alinyoa ndevu, akavaa koti, akaenda kukaa kwenye benchi lake kifua mbele. Kitenge kikashuka. Mkono ukatokea pembeni ya kitenge, ukaweka kikombe mwisho wa benchi, ukarudi.

Alikunywa yale maziwa, lakini hayakuwa na ladha.

Jioni ile Atuganile alipouliza leo umegundua nini, mzee alikuwa anapangusa vifungo kwa kidole. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, koti jipya magotini.

"Nimegundua nadharauliwa," alisema.

"Na nani?"

"Kuna mama pale mjini anauza maziwa. Sijamkosea kitu. Lakini dada, yule mama ananiona mimi takataka. Watu wote anawapa kikombe mkononi. Mimi ananiwekea kwenye benchi, pembeni, kama unavyomwekea mbwa."

Atuganile alikuwa anakoroga mbalaga, zile ndizi zake za jioni. Mwiko ukapunguza mwendo.

"Anakutazama?"

"Wapi! Miezi mitano sijamwona uso. Ningekutana naye njiani nisingemjua."

"Anakusemesha?"

"Haniambii neno. Anamwambia fundi cherehani, fundi ndiye aniambie mimi. Nilidhani ni mzaha. Halafu ameweka na kitenge katikati, kama vile nanuka."

Mwiko ulisimama kabisa. Atuganile alimtazama mdogo wake muda mrefu, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayengoja mwenzake amalize upuuzi wake ili acheke. Mzee hakuwa na cha kumalizia.

"Nsajigwa," alisema. "Huko ulikokwenda walikuosha akili?"

"Nimefanya nini?"

"Mwanamke anakupa mgongo. Hakushikishi kikombe. Hakutazami. Maneno anayapitisha kwa mtu. Anatundika nguo ili kivuli chako kisimwangukie. Gwe, wewe! Mama yetu alimfanyia nani hivyo, maisha yake yote? Alimfanyia nani?"

Mzee alifungua mdomo. Alimwona mama yao kijana, anakimbilia mgombani na kapu kichwani, anajificha nyuma ya majani kwa sababu babu, baba wa mume wake, anakuja kwenye njia ile ile. Aliiona picha hiyo nzima, pamoja na babu akikohoa makusudi ili apishwe, akitazama pembeni na yeye. Vipi alikuwa ameisahau?

"Alimfanyia baba mkwe," alisema, taratibu.

"Na mkeo mwenyewe alimfanyia nani?"

"Baba."

"Basi," alisema Atuganile, akarudi kwenye sufuria yake. "Huyo ni Tulinagwe. Mke wa Boazi. Nilijua anauza maziwa mjini, sikujua ni hapo unapokwenda kukaa. Miezi mitano umekaa paa moja na mkamwana wako, unapiga soga, unataka na kushikishwa kikombe! Mungu akusamehe."

Mzee alilikunja koti magotini, akalikunjua.

"Lakini siku hizi nani anafanya hayo?" alisema baadaye. "Nimewaona watu, wakwe wanakula meza moja. Wanapiga picha wamekumbatiana."

"Ndiyo, wanapiga. Huyu amelelewa na Leah." Atuganile aliipua sufuria, akaketi. "Nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia. Boazi alipooa, Leah alimfunza yule binti kumwogopa mkwe. Tukamuuliza, mkwe gani, mwenye nyumba yuko wapi? Hakutujibu. Kile kiti chako cha miguu mitatu alikiweka pale pale karibu na mlango, akamkataza binti kukikalia, akamkataza kupita mbele yake. Basi binti anafagia, akifika kwenye kiti anazunguka. Sisi wanawake tulicheka sana. Tulisema, Leah anamfunza mtoto wa watu kukiogopa kiti."

Nje mvua ilianza tena kwenye migomba. Mzee alikuwa anapapasa mfuko wa ndani wa koti, ile hariri, anapapasa tu.

"Na jambo jingine," Atuganile alisema. "Mwanamke haanzi mambo haya peke yake. Hawezi kumwogopa mtu kama mkwe wakati mume wake nyumbani anasema huyo si baba. Fikiria hilo."

Alilifikiria. Hakulala vizuri.

Asubuhi hakukaa kwenye benchi. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Tukuyu isiyo na haraka, naye akasimama nje, chini ya ukingo mwembamba wa bati upande wa fundi, akakigeuzia kibanda mgongo na kutazama stendi. Maji yalimdondokea begani.

"Mzee wangu, ingia," Amri aliita. "Koti langu hilo unaliloweka!"

"Fundi," mzee alisema, bila kugeuka, "mwambie mwenye maziwa kwamba mimi ni mtu mjinga. Mwambie nilichukua heshima nikaiita dharau. Mwambie leo nimejua."

Cherehani ilinyamaza. Amri alitazama mgongo huu, akatazama na ule mwingine nyuma ya kitenge.

"Mama, mzee anasema..."

"Nimesikia," sauti ilijibu.

"Sasa kama umesikia, mimi kazi yangu nini hapa?"

"Kaa hapo hapo, fundi. Usiondoke." Sauti ilikuwa inatetemeka kidogo, kwa kicheko au kwa jambo jingine. "Mwambie mzee kwamba nilimjua siku ya kwanza. Alipokuwa anaingia. Masikio yake ni ya mwenye nyumba wangu, baba watoto, na kutembea kwake vile vile, kama mtu anayeogopa kukanyaga vifaranga."

Amri alirudia yote, hadi vifaranga.

"Mwambie pia," sauti iliendelea, "nilipofika nyumbani nikasema, leo mzee amekunywa maziwa kwangu. Mwenye nyumba akasema asilisikie jina lake. Kesho yake nikanyamaza. Keshokutwa nikanyamaza. Siku ya nne, tunakamua, akaniuliza kwenye giza la zizi: huyo mtu wenu alikuwa anasema nini? Nikamwambia habari ya Chunya. Tangu hapo kila jioni ananiuliza. Leo amefika wapi? Nikisema amefika Mpanda, anasema, haya, na baada ya Mpanda? Ndiyo maana ninasema asimalize. Akimaliza, nitapeleka nini?"

Amri hakurudia hayo. Alikuwa amevua miwani na anaifuta kwa kipande cha kitambaa cha mtu. Mzee aliyasikia mwenyewe.

Basi la Kyela liliingia, likashusha watu, likaondoka. Kitu alichokuwa anakiona si stendi. Alikuwa anaona njia, mwaka Boazi alipokuwa na miaka kumi na mitatu, na alijua kwamba akikaa kimya leo, Suma jioni hii kitapelekwa kimya, na kesho tena kimya, hadi swali la zizini liache kuulizwa.

"Fundi," alisema. "Mwambie mwenye maziwa kuna sehemu nimekuwa nikiiruka."

"Anasikia, mzee wangu."

"Wewe mwambie tu. Niliondoka kwenda Chunya kutafuta bati. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, inavuja, mtoto anakohoa. Nikamwambia Leah, miezi mitatu narudi na bati. Chunya sikupata. Nikaona aibu kurudi mikono mitupu, nikasema niende Rukwa, nitapata. Rukwa sikupata. Hivyo hivyo. Kila mahali nilipokaa nilikuwa nakaa kwa ajili ya bati, mpaka nikasahau kwamba walichokuwa wanangojea si bati." Alikohoa. "Lakini nilirudi mara moja. Hilo hakuna anayelijua, hata dada yangu. Mwaka wa tisa nilishuka Kiwira, nikatembea kwa miguu hadi Suma. Sikuwa na kitu. Nilisema liwalo na liwe, nitafika tu. Nikafika pale kwenye kona, pale unapoanza kuiona nyumba. Nikaona inang'aa. Bati, juu, nyumba nzima. Leah alikuwa ameezeka mwenyewe, kwa kahawa yake. Nikasimama. Nikajiuliza, sasa mimi naingia humu kama nani?"

Mvua. Amri aliweka miwani juu ya kitambaa.

"Akapita mtoto wa kiume, kama wa darasa la sita, na mkungu wa ndizi kichwani, mkono mmoja ameshika mkungu, mkono mwingine ameshika viatu vyake visichafuke. Akaniambia shikamoo. Nikaona yale masikio. Nikasema marahaba. Akapita. Sikusema neno jingine, fundi. Nilisema marahaba, kama unavyomjibu mtoto wa mtu yeyote, na akapanda kwenda kwenye ile nyumba ya bati, na mimi nikageuka. Hayo ndiyo. Mwambie huko niliishia. Hakuna baada yake, huko kwingine kote kulikuwa ni kutembea tu."

Maziwa nyuma ya kitenge yalifurika, yakaungua kwenye mkaa, harufu ikajaa kibandani, na hakuna aliyeyaipua.

Kesho yake kibanda kilikuwa kimefungwa. Kesho kutwa pia. Wiki nzima benchi lilikaa limegeuzwa miguu juu, na Amri akawa anashona kanzu moja bila kuinua kichwa. Mzee alishuka kila asubuhi, akaliangalia benchi, akapanda. Atuganile aliacha kuuliza swali lake. Siku ya tano alijaribu, akasema, "Sema hata ukungu, basi," na mzee akasema ukungu ulikuwepo, lakini hawakucheka.

Aliutoa mfuko wake wa turubai chini ya kitanda, akautazama, akaurudisha. Akautoa tena. Njia ya kwenda Kyela ilikuwepo, na ng'ambo ya Kyela kulikuwa na nchi nyingine nzima ambayo hajaikanyaga. Miguu yake ilijua kufanya hivyo, ilikuwa haijui kufanya kitu kingine. Jumanne asubuhi aliuning'iniza begani, akavaa koti, akashuka. Alijiambia atapita nyuma ya stendi mara moja tu, kumuaga fundi.

Jiko lilikuwa linawaka.

Alisimama mbali. Kutoka mlango wa nyuma mwanamke mwenye khanga kichwani alikuwa anatoka, ameinama kidogo, ndoo tupu mkononi, akaelekea sokoni bila kugeuza uso, na mzee naye, bila kuambiwa na mtu, akatazama pembeni hadi alipopita. Kitenge hakikuwepo. Mwanaume mrefu mwenye mabuti ya zizini alikuwa amesimama kwenye sufuria, anapakua maziwa vibaya, anamwaga nusu nje ya kikombe. Amri alikuwa amejifanya anatafuta sindano chini ya cherehani, na alitafuta sindano hiyo muda wote uliofuata.

Masikio yalikuwa yale.

Yule mwanaume aliinua kichwa, akauona mfuko wa turubai begani. Akautazama mfuko kwanza, kisha mtu.

"Shikamoo," alisema. Hakutabasamu.

Mzee alishika mkanda wa mfuko. Neno lilikuwa pale pale lilipokuwa siku ile, jepesi, la kumjibu mtoto wa mtu yeyote.

"Marahaba," alisema. Kisha, kwa sababu miguu ilikuwa tayari imeanza kugeuka, akaikita chini. "Mimi ni Nsajigwa. Mimi ni baba yako. Ulikuwa umebeba ndizi."

Boazi aliweka upawa chini. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, na mvi zimeanza juu ya masikio.

"Mama watoto ameniambia," alisema. "Nimekaa wiki nzima nakumbuka. Nimejaribu kila namna. Barabara ile nimesalimia wazee wengi. Sikumbuki mzee mmoja aliyesimama kwenye kona."

"Sawa," mzee alisema.

"Ningekumbuka ningekuchukia vizuri. Sasa hata hilo sina."

"Sawa, mwanangu."

"Suma usije bado."

"Siji."

"Nitakwambia siku ya kuja. Kiti kipo, lakini usije bado."

"Nitangoja."

"Mfuko huo unakwenda wapi?"

Mzee alijitazama begani kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Aliuteremsha, akauweka chini ya benchi, kwenye matope, hakujali. Akakaa. Boazi alibaki amesimama na kile kikombe, hajui akifanyie nini, maziwa yakimtiririka vidoleni. Alilitazama benchi, ule mwisho wake ambapo mbao ilikuwa na duara jeupe la vikombe vya miezi mitano. Halafu akaja hatua mbili, akanyoosha mkono.

"Shika," alisema. "Ni ya moto."

Yalikuwa ya moto kweli. Yalimwunguza viganja vyote viwili, na mzee hakukiweka kikombe chini.